Usaili wa Kazi Unayoifanya Tayari: Maandalizi ya Mwili, Akili na Nyumba Nzima

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara, lishe ya watoto na maradhi mengine yanayobisha hodi nyumbani mwetu. Safari hii tutazungumzia hali ambayo yenyewe si ugonjwa, lakini huwapeleka watu zahanati wakilalamika kukosa usingizi, kuumwa kichwa, tumbo kuvuruga na moyo kwenda mbio. Hali hiyo ni kungoja usaili wa kazi, na hasa usaili wa kazi ile ile ambayo mtu anaifanya tayari.

Hapa Kamachumu, na kote Muleba na Bukoba, karibu kila familia inamfahamu mtu wa namna hiyo. Ni mwalimu anayefundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, au anayejitolea na kupewa posho kidogo. Ni mkufunzi wa muda katika chuo cha uuguzi. Ni kijana aliyemaliza chuo kikuu, akabaki hapo kufundisha kwa muda. Amefundisha miaka mitatu, minne au mitano. Wanafunzi wanamwita mwalimu, wazazi wanamwita mwalimu, naye anajiita mwalimu. Kisha siku moja tangazo la nafasi ya kudumu linatoka. Anaomba, anaitwa kwenye usaili, na huko anakaa benchi moja na watu ambao hawajawahi kushika chaki.

Je, ajiandae vipi? Na sisi wa nyumbani tumsaidie vipi?

UTARATIBU ULIVYO SASA

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani mwalimu aliyehitimu alipangiwa kituo na Serikali bila kuulizwa maswali. Mambo yamebadilika. Tangu Januari 2025 walimu wanaoomba ajira serikalini wamekuwa wakifanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Chombo hiki kimewekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Kwa kawaida kwanza huwa kuna usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika. Wanaofaulu huitwa kwenye mahojiano ya ana kwa ana, na kwa kada nyingine kuna usaili wa vitendo. Vyuoni mara nyingi mwombaji hutakiwa kufundisha somo la mfano mbele ya jopo.

Shule na vyuo visivyo vya Serikali vina taratibu zao. Hata hivyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua tofauti kati ya mkataba usio na kikomo cha muda na mkataba wa muda maalum. Yafaa mwalimu wa mkataba ausome mkataba wake na kujua tarehe unapokwisha, asije akashtukizwa.

Kinachotafutwa ni kikubwa. Mtumishi wa umma wa kudumu huchangia asilimia 5 ya mshahara wake katika mfuko wa pensheni wa PSSSF, na mwajiri humchangia asilimia 15. Hata akipata kazi, kwanza atakuwa katika muda wa matazamio wa miezi 12 kabla ya kuthibitishwa. Mtu anayetegemewa na watoto, wazazi na wadogo zake akiyafikiria hayo, si ajabu usingizi ukampotea.

KOSA LA KUDHANI "WANANIJUA"

Mtu anayeifanya kazi tayari ana faida kubwa kuliko wenzake, na ana hatari moja kubwa. Faida ni kwamba anaijua kazi. Hatari ni kudhani kwamba wanaomhoji nao wanajua kuwa anaijua.

Tuna methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni Kamachumu pengine ni kweli, maana mkungu mzuri wa ndizi unaonekana kwa macho. Katika chumba cha usaili kazi yako haionekani. Daftari za wanafunzi hazipo pale. Mkuu wa shule anayekusifu hayupo. Mzazi uliyemsaidia mtoto wake hayupo. Wajumbe wa jopo huwauliza waombaji maswali yanayofanana na kuandika alama kwa kile walichokisikia. Usilolisema halina alama.

Wengine hujibu kwa mkato kwa sababu ya unyenyekevu, kwani tumelelewa tusijisifu. Wengine hujibu kwa mkato kwa sababu ya uchungu: "Miaka minne ninafanya kazi hii, leo mnaniuliza kama naiweza?" Wote wawili hutoka mikono mitupu, na yule mgeni aliyejiandaa huchukua nafasi. Kueleza kazi uliyoifanya kweli si majivuno. Ni kutoa taarifa.

Basi shika kanuni hii: jiandae kama mgeni, ujibu kama mwenyeji. Hata kama katika jopo yumo mtu anayekufahamu, mjibu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukuona. Naye analazimika kuandika alama kwa yale uliyoyasema.

MWILI UNAFANYA NINI TUNAPOOGOPA?

Juu ya figo zetu zipo tezi mbili ndogo. Mtu akihofu, tezi hizo humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi, viganja hutoka jasho, mdomo hukauka. Damu hupungua tumboni na kuongezeka katika misuli, ndiyo maana tumbo huvuruga. Daktari mmoja wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mabadiliko haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1915. Alionyesha kwamba ni maandalizi ya mwili kupigana au kukimbia, kama vile mtu amekutana na chui.

Jambo hili lina maana mbili kwetu. Kwanza, moyo kwenda mbio kabla ya usaili si dalili kwamba utashindwa, wala si lazima uwe ugonjwa wa moyo. Ni mwili uliojiweka tayari. Hofu kidogo husaidia, kwa maana humwamsha mtu na kumfanya awe makini. Pili, hofu ikizidi huziba kumbukumbu, na mtu akasahau hata jambo alilolifundisha juzi. Lengo letu basi si kuiondoa hofu yote. Ni kuipunguza ifikie kiasi kinachofaa.

Angalizo: homa si dalili ya wasiwasi. Hapa Muleba mtu akisikia joto la mwili, baridi na viungo kuuma katika wiki ya usaili, asiseme ni mawazo tu. Akapime malaria siku hiyo hiyo.

WIKI MBILI KABLA: JIFUNZE KWA KUULIZWA

Wengi hujiandaa kwa kusoma madaftari tena na tena. Njia hiyo inachosha na haidumu. Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha mwaka 2006 jaribio walilowafanyia wanafunzi. Wengine waliisoma habari mara kwa mara. Wengine waliisoma, wakafunga karatasi na kujaribu kuikumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka waliwashinda kwa mbali.

Kwa hiyo mwombaji asome mchana, na jioni aulizwe maswali kwa sauti. Si lazima anayeuliza awe msomi. Mke, mume, dada au mtoto wa darasa la sita anaweza kushika karatasi yenye maswali. Mwombaji akae kwenye kiti, aseme majibu yake kikamilifu. Jibu lililo kichwani tu huonekana zuri mpaka siku linapotakiwa kutoka mdomoni.

Yatakayoulizwa yanaweza kugawanywa katika mafungu manne:

1. Somo lenyewe. Usitegemee mada unazozifundisha kila mwaka tu. Mwalimu aliyepewa kidato cha kwanza na cha pili kwa miaka minne huanza kusahau ya kidato cha nne. Rudia muhtasari wote.

2. Namna ya kufundisha. Azimio la kazi, andalio la somo, zana, upimaji, na namna ya kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu au anayechelewa kuelewa. Mambo haya unayafanya kila siku kwa mazoea, na kitu cha mazoea ni kigumu kukieleza. Jizoeze kukieleza.

3. Sera na sheria. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa Dodoma Februari 2025, nayo inaweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Tume ya Utumishi wa Walimu imeundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Maadili ya utumishi wa umma nayo huulizwa.

4. Wewe mwenyewe. "Jieleze kwa ufupi." "Kwa nini tukuchague wewe?" "Taja tatizo ulilokutana nalo kazini na ulivyolitatua."

Fungu hili la nne ndilo ambalo mwenyeji angepaswa kushinda, na ndilo analoshindwa. Tuchukue mfano. Mwalimu wa Hisabati anaulizwa kuhusu tatizo alilolitatua. Anajibu: "Wanafunzi walikuwa hawaelewi, nikawasaidia wakaelewa." Jibu hilo si uongo, lakini mjumbe hana cha kuandika. Angeweza kusema hivi: "Nilipopewa kidato cha pili niliwapa jaribio la wiki ya kwanza. Nikagundua kwamba zaidi ya nusu yao hawajui sehemu, na ndiyo maana milinganyo iliwashinda. Nikapanga dakika kumi mwanzoni mwa kila kipindi kurudia sehemu kwa kutumia vipande vya karatasi. Nikawaweka wanaoelewa pamoja na wasioelewa. Mwisho wa muhula nikarudia jaribio lile lile, na waliobaki nyuma walikuwa wachache, nao nikawaita wazazi wao."

Jibu la pili lina hatua nne: hali ilivyokuwa, wajibu wako, ulichofanya, na kilichotokea. Andaa habari tano au sita za kweli za namna hiyo kutoka katika kazi yako. Tafuta tarakimu zake katika daftari lako la alama, usikisie. Na usitunge, kwa sababu swali la pili na la tatu litakufichua.

Mambo mawili zaidi. Usimseme vibaya mkuu wako wala shule yako hata kama una sababu. Na ujiandae kujibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana mwalimu wa sekondari anaweza kutakiwa kujieleza kwa lugha anayofundishia.

KARATASI ZAKO

Wasiwasi mwingi wa usiku wa mwisho hautokani na maswali. Hutokana na karatasi. Ziandae mapema:

- Vyeti halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha stashahada au shahada. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo na taarifa za muda hazikubaliwi badala ya cheti.

- Kitambulisho: cha Taifa, cha mpiga kura, cha kazi, cha mkazi, leseni ya udereva au hati ya kusafiria.

- Majina. Katika familia zetu tatizo hili ni la kawaida. Cheti kimoja kina jina la ubatizo na la baba, kingine kina jina la ubatizo na la ukoo. Majina yasipolingana, Sekretarieti hudai hati ya kisheria ya kubadili jina. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja.

- Cheti cha kuzaliwa kinachotakiwa ni kile cha RITA. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi yake, lakini kinaweza kutumika kama ushahidi unapoomba kile cha RITA.

- Waliosoma nje ya nchi wahakikishe vyeti vyao vimethibitishwa na mamlaka zinazohusika hapa nchini.

Weka vyote katika bahasha moja ngumu, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na watoto na mvua.

USINGIZI, CHAKULA NA KAHAWA

Mtu mzima anahitaji kulala saa saba hadi tisa. Tukiwa tumelala ubongo huyapanga tuliyojifunza na kuyahifadhi. Anayekesha akisoma usiku wa mwisho anaimwaga nje sehemu ya alichokichota. Katika wiki mbili hizo alale na kuamka saa zile zile. Taa na simu viwekwe mbali saa moja kabla ya kulala. Akiwa kitandani mawazo yakamzidi, aamke, ayaandike kwenye karatasi, kisha arudi. Usingizi ukikataa usiku mmoja tu, asiogope. Mwili unaweza kuvumilia usiku mmoja.

Kahawa ni mali yetu na heshima ya mgeni, iwe ya kunywa au ya kutafuna. Lakini kafeini iliyomo huongeza kasi ya moyo na kutetemesha mikono, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Aliyezoea kahawa asiache ghafla siku ya usaili, kwani ataumwa kichwa. Apunguze, na asitumie baada ya saa nane mchana. Asiyeizoea asianze siku hiyo.

Rubisi na pombe nyingine zisitumike kama dawa ya usingizi. Humlaza mtu haraka, kisha humwamsha saa tisa usiku moyo ukienda mbio.

Jioni ya mwisho ale chakula alichokizoea: ndizi na maharage, samaki, mboga. Si siku ya kujaribu chakula kigeni wala nyama choma ya njiani. Asubuhi anywe uji au chai na kitafunwa, pamoja na maji. Kwenda na njaa huzidisha mtetemeko.

DAWA ZA KUEPUKA

Wapo wanaonunua vidonge vya "kutuliza presha ya usaili." Diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, huleta usingizi, hulegeza kumbukumbu, na hata kesho yake mtu huwa mzito wa kufikiri. Ikitumiwa kwa muda huzoesha mwili, na kuiacha huwa shida. Propranololi hupunguza mapigo ya moyo, lakini ni hatari kwa mwenye pumu. Dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Usipewe na jirani, wala usijaribu kidonge chochote kwa mara ya kwanza siku ya usaili.

Vivyo hivyo kwa dawa za kienyeji za "kupendwa na wakubwa." Hazijulikani zina nini, na mara nyingine humpeleka mtu chooni badala ya kumpeleka kazini.

WENYE MARADHI YA KUDUMU NA WAJAWAZITO

Aliyezoea dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifafa, pumu au za kufubaza virusi vya UKIMWI asiache hata dozi moja kwa sababu ya safari. Achukue dawa za siku mbili zaidi, na azibebe mkononi, zisiwe kwenye mzigo juu ya gari. Mwenye kisukari abebe kitu cha kula, maana zamu ya kuitwa inaweza kuchelewa. Mama anayenyonyesha aende na mtu wa kumshikia mtoto. Mjamzito abebe kadi yake ya kliniki.

Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, au anayeumwa kichwa mara kwa mara, apime shinikizo la damu kabla. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine kikabaki hivyo, kinahitaji kuangaliwa na mganga. Ndolage, Kagondo na Rubya zote ni hospitali ambazo watu wetu wanazifahamu. Na mwenye maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzimia asisubiri usaili upite.

SAFARI NA SIKU YENYEWE

Waombaji wa kwetu aghalabu huitwa Bukoba mjini. Kutoka Kamachumu hadi Muhutwe, kisha Bukoba, si mbali kwa siku njema. Kwa siku ya mvua, au siku gari linapoharibika, ni mbali sana. Anayeweza aende siku moja kabla na kulala kwa ndugu. Gharama za usafiri, chakula na malazi ni za msailiwa mwenyewe, kwa hiyo familia itenge fedha hizo mapema. Asubuhi zetu za mlimani ni za baridi. Avae koti njiani, asije akatetemeka kwa baridi akadhani ni woga.

Akifika, afanye hivi: akae wima, avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, kisha aitoe polepole akihesabu hadi sita. Arudie kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa nje huuambia moyo upunguze mwendo. Zoezi hili lifanywe nyumbani kila jioni kwa wiki mbili, ili siku hiyo mwili uwe umekwisha kulizoea.

Ndani ya chumba asalimie, angoje akaribishwe kuketi, asikilize swali mpaka mwisho. Asipoelewa aombe lirudiwe. Akisahau, anyamaze kidogo na kuvuta pumzi moja. Sekunde tano za kimya kwake ni ndefu kama saa, kwa jopo si kitu. Asichokijua aseme hakijui, aendelee na linalofuata. Swali moja lililoshindikana halibomoi usaili mzima, ila kulifikiria wakati wa maswali mengine kunaweza kuubomoa.

SISI WA NYUMBANI

Familia yaweza kuwa dawa au kuwa ugonjwa. Maneno kama "ukoo mzima unakutegemea" au "ukikosa mara hii tutasema nini kwa watu" yanaongeza mzigo juu ya mzigo. Mwambieni: jiandae, nasi tupo, upate usipate.

Mpunguzieni kazi kwa wiki mbili. Kama ni mama, wengine wachote maji, wamenye ndizi, wawalaze watoto. Mara nyingi mwalimu wa kike huanza kusoma saa nne usiku akiwa amechoka, huku kaka yake anayeomba nafasi kama hiyo amesoma tangu saa kumi na mbili jioni. Hapo usaili umekwisha kuamuliwa jikoni.

Wala msiuze shamba kumlipa mtu anayedai ana njia ya kupitisha majina. Kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Anayedai fedha ni tapeli au mla rushwa, na kutoa rushwa ni kosa kama kuipokea.

BAADA YA USAILI

Kungoja majibu ni mtihani wa pili. Mwombaji arudi darasani na kufanya kazi kama kawaida. Waliofaulu usaili wa Sekretarieti bila kupata nafasi huwekwa katika kanzidata na wanaweza kupangiwa nafasi zikipatikana. Kukosa si lazima kuwe na maana ya kufeli.

Kwa aliyeifanya kazi hiyo tayari, kukosa kuna uchungu wake. Kesho yake anarudi katika chumba kile kile cha walimu, na pengine anamwonyesha mgeni mahali kabati lilipo. Aibu hiyo ni mzigo mzito, na wengine hubadilika kabisa. Huzuni ya siku kadhaa ni ya kawaida. Lakini mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila furaha, halali au analala mno, hali, anajitenga, anaanza kulewa au anasema hana maana tena, huenda ana ugonjwa wa sonona. Sonona inatibika, na si udhaifu wa imani wala uvivu. Apelekwe hospitali. Akitaja kufa au kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Kwa wengine wote, wiki moja baada ya majibu waandike maswali waliyoulizwa, yaliyowashinda na yaliyowaendea vizuri. Karatasi hiyo ndiyo mwanzo wa maandalizi ya usaili ujao.

KUMBUKA

1. Usilolisema halina alama, hata kama unalifanya kila siku.
2. Jizoeze kwa kuulizwa na kujibu kwa sauti.
3. Vyeti halisi na majina yanayolingana, mapema.
4. Lala, kula, punguza kahawa, acha vidonge vya jirani.
5. Homa ipimwe. Dawa za kila siku zisikatizwe.
6. Pumzi nne ndani, sita nje.
7. Nyumbani apunguziwe kazi na maneno.